Tairi Nne kwa Ndoo za Mawe

Royce Tackett hakuwa mtu wa kupita tairi iliyopasuka bila kusimama. Wengine husema pole kimoyomoyo na kuendelea na safari. Yeye alikanyaga breki, akashusha kioo, akavuta pumzi kama mtu aliyepata harufu ya chakula kwa jirani. Alasiri hiyo alikuwa Quartzsite, kwenye uwanja wa jangwani ambako wastaafu wa kaskazini huja na matrela yao kukimbia theluji. Pembezoni kabisa aliona trela jeupe limeinama upande mmoja, tairi moja ya nyuma imebaki matambara na bati la ubavuni limechanika pale vipande vya mpira vilipolipiga. Juu ya mlango kulikuwa na kibao cha mbao, kama ilivyo desturi ya uwanja huu, kilichochongwa majina ya wenyewe na kwao: ORLIN NA ARDIS TOLLEFSON, BEMIDJI, MINNESOTA.

"Minnesota," Royce alisema peke yake. "Riziki haina mwenyewe."

Kazi yake ilikuwa na taratibu zake, na haki ya mtu apewe. Alivaa shati la buluu lenye jina lake limetariziwa kifuani, na chini ya jina nembo ya kampuni ya tairi ambayo ofisi zake zote zilikuwa kwenye shati hilo. Akimkuta mtu amepasukiwa, anajitambulisha kuwa mkaguzi wa waranti, ile dhamana ya kampuni. Anasema tairi za toleo lile zina kasoro, kampuni imekiri, mteja atapewa nne mpya na trela litatengenezwa bure. Ila kwanza kuna ada kidogo ya ukaguzi, na tairi zilizobaki lazima zichukuliwe ziwe ushahidi. Hapo anafunua turubai nyuma ya pikapu na kuonyesha tairi nne mpya zikiwa na rimu zake, zinang'aa. "Kama hizi hapa. Zako zinafika Jumatatu." Ushahidi uliuzwa gulioni wiki hiyo hiyo, na Jumatatu ya Royce haijawahi kufika mpaka leo.

Zile nne za maonyesho ndizo mali pekee aliyowahi kuinunua kihalali, dukani, kwa risiti. Ilimuuma sana, na hakupenda kuikumbuka.

Utauliza kwa nini hakushitakiwa. Ni kwa sababu kila ukaguzi aliuanza kwa swali moja: "Ulizidisha mzigo?" Waranti yoyote hufa pale mzigo unapozidi, na jambo hilo kila mwenye trela analijua. Basi aliyezidisha alimtazama Royce machoni, akasema hapana, akatia sahihi. Mtu aliyedanganya ili apate tairi za bure haendi kwa sherifu kueleza jinsi alivyozikosa. Wendell Kroll, mstaafu wa Wisconsin aliyesafiri na mashine ya kuchomelea vyuma na shehena ya bia ndani ya trela, alikuwa bado anaishi juu ya matofali. Akiulizwa tairi zake ziko wapi, alijibu kwamba siku hizi anapenda nyumba isiyotikisika.

Royce akabisha. "Hodi hapa! Pole na mkasa, mama. Naitwa Royce, natoka kampuni ya tairi, kitengo cha waranti."

Mlango ukafunguka. Bi Ardis alikuwa kikongwe mfupi aliyevaa sweta la kiume lililomfika magotini. Alilitazama shati, akautazama uso, akarudi kwenye shati.

"Kampuni imekutuma? Wewe mwenyewe, uje mpaka huku?"

"Kampuni inawajali wateja wake, mama."

"Loo," alisema Bi Ardis, akasogea kumpisha. "Haya, karibu. Kahawa ipo, ila si ya maana."

Kahawa ilikuwa tamu kuliko zote alizokunywa tangu Krismasi. Royce alicheka ndani kwa ndani, maana watu wa Minnesota alikuwa amewasoma, na alijiona profesa wao. Alijua mambo mawili. La kwanza, Mminnesota hakubali kitu mara ya kwanza. Ukimpa chakula na njaa inamuua, atasema hapana, usijisumbue. Mara ya pili atasema hapana, nimeshiba. Mara ya tatu ndipo anasema haya, kama si usumbufu, na anamaliza sahani. La pili, Mminnesota hasifu chake. Akisema baridi ya kwao si haba, jua ng'ombe wameganda wakiwa wamesimama. Akisema kitu chake ni cha kawaida tu, kishike kwa mikono miwili.

Hilo la pili alilijua kwa machungu. Mzee mmoja wa Duluth, huko huko Minnesota, aliwahi kumpa jiwe, akamwambia si baya sana. Royce akalitumia kuzuia gurudumu la pikapu lisirudi nyuma, mpaka mtu wa vito alipopita, akalinunua kwa bei ya sahani ya mayai, akaenda kuliuza kwa bei ya pikapu mpya. Royce alirudia hesabu ya ile pikapu majira yote ya baridi. Akaapa kwamba Mminnesota mwingine akimwambia kitu si cha maana, hatamsikiliza.

"Eleza, mama, ilikuwaje?"

"Ilipasuka nikiwa nakuja. Tairi nyingine sina uwezo nazo, mwanangu. Na hili si trela la matembezi. Mzee wangu alipofariki niliuza nyumba, kwa hiyo hapa ndipo kwangu. Jumapili ya Matawi wanambatiza kitukuu wangu wa kwanza, wamempa jina la mzee, Orlin. Niliahidi kumpakata mwenyewe mbele ya mchungaji. Sasa nitafikaje? Nimekaa hapa kama kuku juu ya mayai."

Royce aliguswa. Aliguswa kila mara, na ndiyo maana alikuwa hodari.

"Utafika, mama, wallahi utafika. Swali moja tu la ofisi. Ulizidisha mzigo?"

"Nilizidisha," alisema Bi Ardis. "Tena sana."

Royce akapaliwa na kahawa. Katika kazi yake yote hakuwahi kukutana na jibu hilo.

"Njoo uone mwenyewe," bibi alisema.

Ndani zaidi kulikuwa na ndoo. Ndoo chini ya kitanda, ndoo bafuni, ndoo kwenye kabati la nguo, hata ndani ya oveni kulikuwa na sufuria imejaa. Zote za mawe, yamefutwa vumbi na kupangwa, mekundu huku, ya kijivu kule.

"Ni mawe tu," Bi Ardis alisema. "Mzee alikuwa anaokota kila tulipokuja huku. Ni ya kawaida tu, hayana thamani."

Moyo wa Royce ukaruka. Ya kawaida tu! Hayana thamani! Mzee wa Duluth alisema si baya sana na likazaa pikapu, je haya ambayo hayana thamani kabisa?

"Umewahi kumwonyesha mtu wa vito?" aliuliza, akijitahidi sauti isimponyoke.

"Wa nini? Asije akacheka."

"Hapana, hapana, umefanya vema." Royce akaliokota moja jekundu, akaligeuza kwenye mwanga. Lilikuwa jiwe kwelikweli. "Mama, nitakuambia ukweli kama mtoto wako. Mkaguzi mkuu anakuja. Akiyaona haya, waranti yako imekufa na imezikwa. Lazima yaondoke leo, yote. Nitayahifadhi kwenye stoo ya kampuni, bure, na zile tairi tatu nizichukue pamoja, ni ushahidi."

"Hapana, baba," alisema Bi Ardis. "Nisikusumbue."

Hiyo ilikuwa hapana ya adabu, na profesa hakutishika. Lakini bibi akaongeza: "Halafu ukichukua tairi, trela utaliweka juu ya matofali kama la yule Wendell. Watu wa huku watasemaje?"

Royce alitupia jicho saa ya ukutani. Hapa uwanjani, saa kumi jioni kila mtu hubeba kiti chake na kinywaji chake kwenda kukaa duara mahali fulani, na mahali penye tairi iliyopasuka duara huja lenyewe, pamoja na jeki, spana na ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Wendell angekuja. Wendell hakuwa na tairi, lakini kiti alikuwa nacho.

"Ada ya ukaguzi nimefuta," Royce alisema haraka. "Na matofali hayatakuwapo. Nitakufungia tairi nyingine za muda."

"Hapana, hapana. Za muda si ndizo zile kipara? Mimi nina safari ndefu, mwanangu. Acha tu nibaki na mawe yangu. Yupo bwana mmoja wa maonyesho ya vito alisema atapita siku moja kunisalimia, labda yeye..."

"Mama!" Royce alipaza sauti, kisha akaishusha. "Njoo nje kidogo."

Akafunua turubai. Tairi nne za maonyesho zikaliona jua. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuzitoa mahali pale ila kwa kuzipangusa. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvunguni mwa kitanda cha Bi Ardis kulikuwa na ndoo saba peke yake.

"Hizi. Mpya. Kaa nazo mpaka kampuni ilete zako."

Bi Ardis akazigusa kwa kidole kimoja. "Haya," akasema polepole. "Kama si usumbufu."

"Si usumbufu hata kidogo!"

"Maana hata ile ya akiba imezeeka. Lakini hiyo iache, usijisumbue."

Royce aliitazama tairi ya akiba ya pikapu yake. Matundu ya nati yalilingana, ukubwa ulilingana, na saa ilikuwa inakimbia. Hakungoja kukataliwa mara mbili. Aliifungua akaifunga nyuma ya trela.

"Kitu kimoja tu," bibi alisema, na safari hii sauti yake ilibadilika. "Mzee aliniapisha pale hospitali nisiyatupe haya mawe. Aliyapenda. Mimi nimeyapangusa na kuyalaani miaka yote hiyo, lakini niliapa. Atakayeyachukua lazima awe anayataka."

"Mama, nayataka kwa moyo wangu wote," alisema Royce. Hilo ndilo neno la kweli pekee alilolisema siku hiyo. "Yaani kampuni inayataka."

"Unayataka," Bi Ardis alirudia, na macho yakamlowa. "Haya basi. Orlin angefurahi."

Kazi ikaanza, na haikuwa imefika mbali duara likaja na viti vyake. Watu walimkuta mkaguzi wa waranti amelala chini ya trela anahema, wakafurahi sana. Mmoja akasema jeki ameiweka pabaya. Mwingine akasema upepo umezidi, wa tatu akasema umepungua. Wendell Kroll alisimama na kopo la bia akamtazama Royce, na Royce akamtazama Wendell, na hakuna aliyekiri kumjua mwenziwe. Wendell angesema nini? Aseme alidanganya kuhusu mashine ya kuchomelea mbele ya watu wanaomwazima sukari? Aliweka bia chini, akachukua spana, akakaza nati za Bi Ardis moja baada ya nyingine kwa nguvu ya mtu anayefikiria shingo ya Royce.

"Mkaguzi gani huyu anafunga tairi mwenyewe?" aliuliza mama mmoja kutoka kwenye kiti.

"Kampuni inawajali wateja wake," alijibu Bi Ardis, akampa kipande cha keki ya ndimu.

Ndoo zikapita mkono kwa mkono mpaka pikapu ikakaa mkao wa mbwa anayekojoa. Royce alitaka kuondoka pale pale, lakini Wamarekani wa kaskazini hawaagi mara moja. Wanaaga kwenye kiti, wanaaga tena wakiwa wamesimama, wanakusindikiza mpaka kwenye gari, na hapo dirishani ndipo mazungumzo yanapoanza. Aliambiwa habari za kitukuu, za barafu ya ziwani, za mchungaji mpya na sauti yake. Alipofunguliwa njia hapakuwa na mfanyabiashara wa vito aliyekuwa bado kazini, akalala garini akiwa amekumbatia sufuria.

Kulipokucha akashika barabara kuu kuelekea jiji la Phoenix kutafuta wanunuzi wa vito. Alikuwa na furaha ya kuimba, na aliimba. Kichwani alishakwisha kununua nyumba, alishakwisha kuipaka rangi, na alikuwa anachagua mapazia pikapu ilipoanza kupanda kilima. Mlio ulikuwa kama wa bunduki. Pikapu ikayumba, ikakwaruza kando ya barabara, ikasimama katikati ya mchanga.

Tairi ya nyuma ilikuwa matambara. Ya akiba ilikuwa imefungwa nyuma ya trela la Bi Ardis.

Royce alitukana kidogo, kisha akakumbuka ushahidi. Tairi tatu za bibi zilikuwa juu ya ndoo, nyeusi tii, meno yake bado marefu. Akafunga moja. Haikufika hata kibao cha barabara alichokuwa anakiona. Safari hii alikiokota kilichobaki na kukigeuza, akasoma chapa ya wiki na mwaka wa kutengenezwa iliyogongwa upande wa ndani, upande ambao mtu mwenye haraka haangalii. Tairi za trela hufa kwa umri, hata kama meno hayajaisha. Hilo hata mkaguzi wa uongo analijua. Hizi zilikuwa na umri wa kuanza shule ya sekondari.

Alibaki na njia moja, na alipoifikiria alicheka kwa uchungu. Tairi zake za pikapu zilikuwa na waranti. Akapiga simu.

"Pole sana, bwana," ilisema sauti ya msichana. "Gari lilibeba nini?"

"Vitu vya kawaida."

"Kama vipi?"

"Mawe."

"Mawe kiasi gani?"

"Dada, hamwezi kumtuma mkaguzi tu aje aone?"

"Hatutumi mtu, bwana. Hakuna kampuni inayotuma mtu. Unatuma picha."

Royce alikata simu, akakaa juu ya ndoo. Jua lilikuwa limepanda alipoliona trela jeupe likija kutoka Quartzsite, limekaa sawasawa, linavutwa na pikapu ya zamani ya marehemu. Likapunguza mwendo, likasimama. Watu wa Minnesota hawapiti mtu aliyekwama, hata kama wanamjua.

"Pole na mkasa, mwanangu," alisema Bi Ardis kutoka dirishani. "Umeshawapigia kampuni?"

Royce aliitazama simu yake.

"Watakuambia utume picha. Mimi nimewapigia mpaka sauti zao nimezijua. Walikataa, wakasema tairi zimezeeka, mzigo umezidi. Orlin alizipata kwa bei ya kutupa, akazifunga chapa ikiangalia ndani ili nisione. Na waliniambia wazi kwamba hawatumi mtu. Kwa hiyo ulipobisha hodi nilijua."

"Ulijua! Ukanidanganya na umri huo?"

"Nilikudanganya lini? Uliniuliza kama nilizidisha mzigo, nikasema ndiyo. Nilikuambia tairi ya akiba imezeeka. Uliyaona mawe, nikakuambia ni ya kawaida tu, hayana thamani."

Royce aliitazama ndoo iliyokuwa katikati ya miguu yake. Kwa mara ya kwanza alimsikia mtu wa Minnesota vile vile alivyosema. Yalikuwa mawe. Yalitoka jangwani na sasa yalikuwa jangwani.

"Nilikataa mara mbili pia," bibi alisema kwa upole. "Ungeondoka hapo, ningebaki nayo. Lakini katika watu wote wa dunia hii, ni wewe peke yako uliyesema unayataka, na mimi nilishaapa kwa mume wangu." Akamnyooshea chupa ya maji na kipande cha keki kilichofungwa karatasi. "Mji hauko mbali sana. Nikupeleke?"

Royce alikuwa amechoka, ana kiu, na jua linampiga utosini. Lakini alikuwa bado na kiburi, na alikuwa bado profesa. Hakutaka kurukia kama mtu asiyefunzwa.

"Hapana, mama. Usijisumbue."

"Kiti cha mbele kipo wazi. Una hakika?"

"Hapana, hapana, nitakuwa salama," alisema Royce, akainuka, akajipangusa suruali, akaokota kofia yake na kuiweka sawa kichwani, tayari kwa mara ya tatu.

"Haya basi," alisema Bi Ardis, akapandisha kioo.

Trela likaondoka taratibu. Tairi nne mpya zilipita mbele ya Royce, mbili mbili, zinang'aa kama siku aliyozinunua, na nyuma yake ile ya akiba. Jibu lilikuwa limemkaa ulimini, haya, kama si usumbufu, lakini hakukuwa na mtu wa kuliuliza tena.